Picha ya Ndama wa Nyabuto

Chelangat mwanangu,

Salamu za leo tulishazimaliza mezani, na hazikuwa salamu za watu wanaoagana. Wewe umeenda kulala umenipa mgongo. Mimi nimebaki hapa jikoni na ugali ambao hakuna aliyeumaliza. Sitaki uondoke kesho tukiwa hivi, na najua nikifungua mdomo nitaharibu tena, kwa hivyo naandika.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kutafuta kanisa karibu na utakapokaa sitayaandika. Ulikaa Nairobi muda wote wa chuo na ukarudi mzima. Mtu anayekwenda kuanza kazi ya kufungua simu za watu na kutafuta ndani yake mambo ya wizi na ya mauaji hahitaji kuambiwa na mama yake achemshe maji ya kunywa. Nitakuandikia mambo yangu mwenyewe, maana hayo ndiyo ninayoyajua, na mengi nimeyajua baada ya kuyaharibu.

Unajua mimi ni mtu wa kusafisha. Wewe na ndugu yako mlikuwa mkinicheka kwamba mgeni akipiga hodi nashika ufagio kwanza, ndipo namkaribisha. Baba yenu alipofariki, waliokuja kutufariji walikuta nguo zake zote ziko kwenye kamba, zimefuliwa, hata lile koti lake la kuchumia majani ya chai. Wakanisifu, wakasema huyu mama ana nguvu. Wiki iliyofuata nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kimoja tu chenye harufu yake, nikakosa. Nililia zaidi kwa ajili ya lile koti kuliko nilivyolia kaburini. Ungedhani nilijifunza kitu hapo, lakini sikujifunza.

Halafu ikaja simu. Uliponiletea ile simu ya kugusa nilifurahi, lakini kikundi cha akina mama wa kanisa kilinimaliza. Kila kukicha ni maua, kikombe cha chai kinachotoa mvuke, njiwa, mstari wa Biblia, "Asubuhi njema mpendwa". Kufika katikati ya wiki simu imejaa, haipokei hata ujumbe wa kilo zangu za majani. Ukanifundisha kufuta. Nikawa nafuta kila jioni kabla ya kulala, kama mtu anayeosha vyombo. Na ilipogoma kabisa ulinielekeza kutoka Nairobi kwa simu ya ndugu yako Rotich, kwa subira kweli: ingia setingi, shuka chini, gusa hapo, kubali, kubali tena. Ikazima, ikawaka ikiwa tupu kama imetoka dukani, hiyo ndiyo mnaita kuriset, na mimi nikaimba. Sikulaumu kwa kunifundisha. Nasema tu kwamba asubuhi ile nilipoingiwa na hofu, vidole vyangu tayari vilikuwa vinaijua njia.

Wewe hukuwepo asubuhi hiyo. Umeisikia vipande vipande, kwa wakili, kwa Rotich, kwangu nikiwa nalia na kuruka mambo. Wacha nikuambie yote kwa mpangilio mara moja, na nisikuambie tena.

Usiku wake mashine ya kuchuma majani ya kampuni ya chai ilikuwa imechomwa ng'ambo ya mto. Mimi sikujua. Niliamka nikamkuta Rotich amelala na nguo zake, matope mpaka kwenye nywele, na buti zake mlangoni zina damu na mavi ya ng'ombe. Sikushtuka, kwa sababu kwenye simu yangu kulikuwa na picha aliyonitumia nikiwa usingizini. Ndama mwekundu mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, bado amelowa. Mkono wa Rotich una damu hadi juu ya kiwiko. Nyuma yao yuko jirani yetu Nyabuto, ameshika tochi, amevaa koti lake la ulinzi la kampuni. Chini Rotich alikuwa ameandika, "Mama, huyu alikuwa anakuja na miguu ya nyuma. Tumemshinda." Nilicheka peke yangu pale kitandani. Unajua ng'ombe wa hapa akishindwa kuzaa, ni Rotich anayeitwa.

Kabla chai haijachemka, mwenyekiti wetu wa akina mama akanipigia. "Mama Rotich, polisi wako hapa senta wananyang'anya vijana simu. Wanatafuta wale waliofutwa kazi mashine zilipokuja. Kijana wako ako wapi?"

Kijana wangu alikuwa mmoja wa wale waliofutwa, na unajua vile alivyokuwa akiongea tangu siku hiyo. Nikaitoa simu yake kwenye chaji, nikachora ile alama yake ya kuifungua, nikaingia kwenye kikundi chao cha vijana. Nilisoma mambo ya kutisha. Na yeye pia alikuwa ameandika, siku chache nyuma: "Hiyo mashine nikiipata peke yake itanijua." Sikumkumbuka ndama. Sikukumbuka kwamba ndani ya simu hiyo hiyo kulikuwa na kitu cha kuonyesha mtoto wangu alikuwa wapi usiku huo. Niliona uchafu tu, umeletwa ndani ya nyumba yangu, na watu wanakuja kuuona.

Nikaingia setingi. Nikashuka chini. Kubali, kubali tena. Kile kiduara kikiwa bado kinazunguka kwenye simu yake, nikashika yangu nikafuta mazungumzo yake yote pamoja na picha, maana nilimwona Nyabuto na koti la kampuni nikafikiri hiyo nayo ni shida nyingine. Kisha nikatoka nje na brashi, nikasugua zile buti mpaka zikang'aa. Polisi walipofika, hata uwanja ulikuwa umefagiwa.

Afande aliyekuwa mbele aliichukua simu hapo mlangoni, akaiwasha, akaisukuma kwa kidole huku na huku. Leo najua kutoka kwako kwamba hata hilo hakutakiwa kulifanya. "Mbona hii simu haina kitu?" akamwuliza Rotich. "Umeinunua leo?"

Rotich akanitazama. Niliona akielewa. Angeweza kusema ni mama. Akasema, "Niliiriset jana, afande. Ilikuwa inanisumbua."

Nami nilikuwa nimesimama pale na brashi mkononi, nikanyamaza.

Wakamchukua, wakamshtaki kwa kuchoma mashine, na hayo ndiyo maneno yaliyosomwa mahakamani. Mwendesha mashtaka aliyasoma polepole, kama anafundisha watoto: mshtakiwa mwenyewe amekubali kwamba alifuta simu yake, na mtu asiye na la kuficha hafuti simu. Nilitaka kusimama. Wakili wetu akanivuta sketi nikae. Na nilipokwenda kumwona Rotich rumande, aliniambia hivi: "Mama, nyamaza. Wakikushika wewe pia, nani atachuma majani? Nani atakamua?" Alikuwa amekonda. Nikanyamaza tena, nikajiambia kwamba namtii mtoto wangu.

Tangu hapo ni kuahirishwa tu. Mara hakimu yuko likizo, mara faili halionekani, mara shahidi hakuja, mara afande aliyeshika kesi amehamishwa. Naondoka asubuhi na gauni la kanisani, nakaa kwenye benchi, narudi jioni na tarehe nyingine. Chela, nimechoka. Nimechoka mpaka nikimwona mtu kwenye benchi lile amecheka na simu yake natamani kumnyang'anya.

Mahakamani wakasema basi tuangalie mnara, simu ya Rotich ilikuwa inashika mnara gani usiku huo. Nikapata moyo. Kumbe mnara ni ule ule mmoja juu ya kilima, unahudumia kwetu, unahudumia kwa Nyabuto, unahudumia na shamba la kampuni lote. Mnara ulionyesha tu kwamba alikuwa huku kwetu Boito, na hilo hata paka wetu angelisema.

Nikaona nimwendee Nyabuto mwenyewe. Nilimkuta anampa ng'ombe chumvi, yule yule mama wa ndama.

"Baba Moraa," nikamwambia, "wewe ulikuwa pale. Sema tu vile ilivyokuwa, mtoto aachiliwe."

Hakunitazama. "Mama Rotich, mimi usiku huo nilikuwa kazini. Nilisaini zamu."

"Ulisaini ukarudi kwa ng'ombe wako."

"Sasa hapo ndipo shida iko. Hiyo mashine iliungua upande wangu wa kulinda. Nikisema nilikuwa huku, kazi imeisha, na bado wataniuliza nani alinipanga niondoke. Watasema niliwaachia vijana njia. Mimi mtu wa kuja, mama, nani atasimama na mimi?"

"Rotich aliingiza mkono wake mzima kwa ng'ombe wako."

"Najua," akasema. "Usifikiri nalala usingizi, nikijua hivyo."

Nilimwambia maneno ambayo hayaandikwi. Jioni mke wake akanitumia maziwa ya ng'ombe huyo huyo, nikampa paka. Mpaka leo nikimwona Nyabuto kule juu njiani napinda kwenye mashamba nisikutane naye. Lakini nimewaza usiku huu, na nimeona kwamba yeye na mimi tumekuwa na kazi moja miezi hii yote. Yeye ananyamaza kwa ajili ya watoto wake, na mimi nanyamaza na kusema ni kwa ajili ya wangu. Siwezi kuendelea kumchukia peke yake.

Ulipomaliza chuo ukarudi nyumbani, nilikungoja kwa hamu. Nilikuambia nikijisifu: ya Rotich niliiriset, lakini yangu sikuiriset, nilifuta tu, na picha ilikuwa kwangu pia. Ulipiga kelele hadi ng'ombe wakainua vichwa. "Mama, na bado unaitumia? Izime! Izime sasa hivi!"

Ukanikalisha ukanieleza. Ya Rotich haina tumaini, ukasema, kwa sababu simu za siku hizi huandika kila kitu kwa kufuli, na ukiiriset inautupa ufunguo, hata aliyeitengeneza hawezi kuurudisha. Nikakuuliza kama hata alama haikubaki. Mimi nilidhani simu ni kama sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa ya mursik: hata uisugue vipi na kijinga cha moto, majivu hubaki ndani, na ndiyo yanayotia maziwa ladha. Ukatikisa kichwa. Na Rotich hakuwa na bando za kutosha za kupeleka picha zake huko mnakoziweka zisipotee. Lakini yangu, ukasema, kufuta vile nilivyofuta ni kuiambia simu kwamba nafasi hii sasa ni huru. Kitu chenyewe kinaweza kuwa bado kipo mpaka kingine kije kikae juu yake. Huenda kile kipicha kidogo ambacho simu hujiwekea kimebaki, pamoja na saa kilipoingia. Huenda hakuna kitu.

Na mimi wiki zote hizo nilikuwa napokea maua. Kila "Asubuhi njema mpendwa" ilikuwa inaweza kukaa mahali pa ndama wa Nyabuto. Nilikuwa nayasoma, naitikia "Amina", nayafuta, nangoja mengine. Nikikumbuka hilo nataka kuvunja kitu.

Wewe hukuigusa ile simu. Ulisimama mbali na meza, mikono nyuma, ukaniambia niizime mwenyewe, nitoe laini niitie kwenye kabambe, ile simu yangu ya zamani ya vibonyezo, niiweke simu kwenye bahasha na nisiiwashe tena. "Mpelekee wakili," ukasema. "Aombe amri ya mahakama, ikaguliwe na watu wasiotujua, na kila mkono utakaoipokea uandikwe." Nikampigia wakili. Akasema sawa, ila mimi niandike taarifa ya nani alifuta, alifuta nini na kwa nini. "Na lazima nikuambie, mama, kuharibu ushahidi ni kosa. Wanaweza kukufungulia kesi yako." Nikamwambia nitafikiria. Bahasha ikakaa kabatini chini ya vitambaa vya meza, na mimi nikawa nafikiria mpaka ukapata kazi.

Hapo nikaona njia imefunguka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto wangu mwenyewe amechukuliwa mahali ambapo vyombo vya kufukua simu viko, na atafundishwa kuvitumia! Nikaona hakuna haja ya wakili wala hakimu wala tarehe. Nikangoja wiki nzima nikuambie leo, tukila, nikiwa nimekuchinjia kuku.

"Mama, siwezi," ukasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Mimi ni dada yake. Wataniuliza swali moja tu, unahusiana vipi na mshtakiwa, na hiyo picha itakuwa imekufa hata kama ipo."

"Kwani nani atajua? Utaifungua usiku, uangalie, uifunge."

"Simu yenyewe itajua. Kila ukiiwasha inaandika mambo yake. Na mimi nitajua."

Ulisema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Nikakuambia kumbe nimelea polisi. Nikakuambia kama ni wewe ungekuwa ndani, Rotich angekuwa ameshavunja kila mlango. Halafu nikasema lile la mwisho, kwamba labda nilisomesha mtoto asiyefaa. Ukainuka, ukanawa mikono, ukasema usiku mwema kama mtu anayeongea na mgeni.

Lile neno si kweli. Halijawahi kuwa kweli hata siku moja. Nilikuwa na hasira kwa sababu ulikuwa sawa, na mimi sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu anaokota jiwe lolote lililo karibu. Nisamehe, mwanangu. Kama huwezi kusamehe kesho, samehe ukiwa huko, nitangoja.

Sasa kuna kitu ambacho hukijui. Uliposhikwa na usingizi nilifungua begi lako. Nikaiweka bahasha katikati, baina ya blanketi na sotet ya mursik, nikafunga zipu. Nilijua utaikuta ukifika, na nilijua huwezi kuitupa. Nikarudi hapa nikaanza kukuandikia barua nyingine kabla ya hii. Ilikuwa ya kukubembeleza. Nilikueleza jinsi Rotich alivyokonda, nilikukumbusha alivyokuwa akikubeba mgongoni kuvuka mto ukienda shule. Kisha nikaandika hivi: "Na ukiona kwamba picha haitusaidii, wewe utajua la kufanya."

Niliposoma hayo maneno nikaweka kalamu chini.

Picha isitusaidie vipi, Chela? Wacha niseme jambo ambalo sijamwambia wakili, wala wewe, wala Mungu vizuri. Mimi sijui ile picha ilipigwa saa ngapi. Niliangalia ndama, nikacheka, nikaifuta. Saa sikuiangalia. Rotich anasema ndama alitoka karibu na alfajiri na kwamba hakubanduka kwa Nyabuto usiku kucha. Namwamini. Nikimtazama machoni namwamini kabisa. Lakini nikiwa peke yangu nakumbuka kwamba kutoka kwa Nyabuto hadi mtoni ni kushuka tu, na nakumbuka "itanijua", na hofu inanikamata pale pale iliponikamata asubuhi ile.

Kwa hivyo sikukuwekea simu kwenye begi ili uitafute picha tu. Nilikuwekea ili ikipatikana na saa isiyofaa, iwe mikononi mwa mtu wa kwetu. Nilitaka unifutie. Nimekuwa nikiogopa kupeleka bahasha kwa wakili nikisema naogopa kushtakiwa, na kushtakiwa naogopa kweli, lakini nilichoogopa zaidi ni watu wasiotujua, watakaoandika watakachokiona. Nilikuwa nakuwekea ufagio wangu mkononi na kukutuma kazini nao wiki yako ya kwanza. Wangekukamata. Na hata wasingekukamata, ungekuwa umeharibika ndani, kama mimi nilivyo sasa, na ungenichukia ukiwa na haki.

Nimeitoa. Bahasha iko hapa mezani, haijafunguliwa, na simu sijaiwasha. Barua ya kwanza nimeitia kwenye jiko. Begi lako nimelifunga tena, na nguo nimezirudisha vile ulivyozipanga wewe, hata zile ulizozikunja vibaya.

Kesho ukishapanda gari, nitapita kwa Nyabuto kwanza. Nitamwambia kwamba picha inaweza kupatikana, na kwamba yeye yumo ndani yake na koti lake, ili asije akalisikia jambo hilo kwa mtu mwingine. Akinitukana, ni zamu yake. Kisha nitakwenda mjini kwa wakili, nimpe bahasha, aandike kwamba imetoka mkononi mwangu. Nitaandika taarifa kwamba Rotich hakuiriset simu yake, niliiriset mimi mama yake, akiwa amelala, na yangu nikafuta, na kwamba alidanganya polisi kwa kunihurumia. Nitaandika na buti pia, wajue zilikuwa na damu ya ng'ombe, ingawa sasa nani ataamini. Rotich atakasirika sana. Atasema tulikubaliana ninyamaze. Lakini yule mtu aliyesoma mahakamani kwamba asiye na la kuficha hafuti simu lazima asikie kwamba anayefuta anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, mwenye brashi.

Wanaweza kuipata picha ikatuokoa. Wanaweza kuipata ikatumaliza. Wanaweza wasipate kitu, wakabaki na maneno ya mama ambaye kila mtu anajua angesema lolote. Nimeyazungusha yote matatu kichwani na hakuna ninaloweza kulipanga. Hilo linaniudhi kuliko yote, kukaa na kitu ambacho siwezi kukiweka sawa kwa mikono yangu.

Kazi yako siijui, na sitajifanya naijua. Lakini nimekaa upande wa pili wa meza hiyo utakayokalia, kwa hivyo nikuombe jambo. Siku moja wataleta simu tupu mbele yako, na karatasi inayosema mshukiwa amefuta. Andika kwamba imefutwa, na saa iliyofutwa kama inaonekana. Lakini kidole kilichofuta ni cha nani, hapo simama, uulize ni nani mwingine alikuwa katika nyumba hiyo. Simu haikumwona mama wa mtu amesimama jikoni akitetemeka. Na ukikuta ndani yake kitu kinachomfunga mtoto wa mtu, kiandike vile kilivyo, hata mama yake akija kulia mlangoni penu. Hata kama ni wangu. Imenichukua muda mrefu kuandika hayo maneno ya mwisho.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukifungua redio ya baba yako kuona watu wanaoongea wamekaa wapi. Nilikuchapa. Baba yako akasema niache, huyu anataka kuona ndani ya vitu. Mimi nilikuwa naona skrubu zimetapakaa kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki. Nafurahi kwamba hukunisikiliza. Najivunia wewe, Chelangat, na nilipaswa kukuambia hivyo mezani, juu ya ule kuku.

Jioni ulipotoka kuchuma na mimi kwa mara ya mwisho, uliacha buti zako hapa kwenye mlango wa jikoni. Zina matope mekundu ya kule chini karibu na mto, na jani moja la chai limegandia kwenye kisigino. Nimekuwa nikizitazama tangu nianze kuandika, na brashi iko hapa karibu yangu. Ukirudi, uwe utanikuta nyumbani au utaambiwa niko kule aliko ndugu yako, zitakuwa mlangoni, na matope yake.

Mama yako